Barua ya wazi kwa Wakuu wa Nchi za Afrika Mashariki: kabla nchi yoyote haijatoka, leteni hesabu mezani

Waheshimiwa Wakuu wa Nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, waheshimiwa mawaziri, na ninyi wabunge wa mabunge ya taifa ambao kura hii ikija itawaangukia,

Salaam.

Nawaandikia juu ya jambo linalosemwa kwa hasira na kusahauliwa upesi: kwamba nchi yetu, au ya jirani, ijitoe katika Jumuiya. Nyakati za kusemwa kwake tunazijua. Ni pale mzigo unapokwama mpakani. Oktoba 2017 Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga, na wiki hizohizo ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa upande wa Kenya wakapigwa mnada. Februari 2019 mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa, ukaja kufunguliwa Januari 2022. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, halafu siku chache baadaye ikalegeza na kuweka masharti. Julai 2025 Tanzania ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo kutengeneza simu na huduma za fedha kwa simu, na Nairobi ikalalamika.

Baada ya kila tukio mabishano huwa yaleyale. Upande mmoja unapaza sauti kwamba tunanyonywa, tutoke. Upande wa pili unajibu kwamba anayetaka kutoka hana akili, au ametumwa. Waziri mmoja anatoa kauli kali, mwingine anaipoza, wakubwa wanakutana, wanapigwa picha wameshikana mikono, na hoja inafungiwa kabatini mpaka mzigo mwingine ukwame. Mwisho wa yote hakuna anayejua zaidi ya alivyojua mwanzo.

Niseme mapema upande wangu: nataka tubaki. Lakini barua hii sikuiandika kuisifia Jumuiya, maana sifa zake mnazisoma wenyewe kila mnapokutana Arusha. Ninachowadai ni kingine. Siku serikali yoyote kati yenu itakapofikiria kwa dhati kutoka, mwananchi awe na haki ya kujua mapema kutoka kwenyewe ni kufanya nini, kutagharimu kiasi gani na nani atalipa, kisha aulizwe. Haki hiyo hivi sasa hana. Na sisi wa eneo hili tuna sababu ya kuidai kuliko Waafrika wengine wote, kwa kuwa tumeshavunja jumuiya moja na risiti zake bado tunazo.

Jumuiya ile ya kwanza ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967. Ilibeba mambo makubwa kuliko tuliyo nayo leo. Palikuwa na shirika moja la reli lenye makao Nairobi, shirika moja la bandari lenye makao Dar es Salaam, posta na simu moja yenye makao Kampala, na shirika moja la ndege, East African Airways, lililoanza 1946. Forodha ya pamoja ilikuwa na umri mrefu zaidi: Kenya na Uganda zilianza 1917, Tanganyika ikaingia miaka ya 1920. Kijana wa Tabora angeweza kuajiriwa na reli, akapangiwa Kisumu, akaoa hukohuko, akahamishiwa Tororo, na kote huko akahesabiwa mtumishi wa nyumbani kwake.

Kisha ikafa, na namna ilivyokufa ndiyo ninayotaka tuitazame kwa makini. Sababu zake zinafundishwa shuleni: ujamaa huku na ubepari kule, malalamiko kwamba Kenya ilifaidi zaidi, Idi Amin kutwaa madaraka Januari 1971 na Mwalimu Nyerere kukataa kuketi naye meza moja, hata kikao cha marais watatu kikawa hakiitishwi tena. Yote ni kweli. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba hapakuwa na siku ambayo nchi yoyote ilijitoa rasmi kwa kauli ya wananchi wake. Kura haikupigwa. Notisi haikutolewa. Mashirika yalikatwakatwa kipande baada ya kipande na watu wa hazina waliogoma kupelekeana fedha. Mwanzoni mwa 1977 ndege za shirika la pamoja ziliacha kuruka, Kenya ikaanzisha shirika lake, na mwezi Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ilipofika katikati ya mwaka bajeti ya Jumuiya haikupitishwa, mambo yakaishia hapo.

Wananchi walipata habari kwa kukuta geti limefungwa. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka huo alikuwa anamaliza la saba wakati mpaka huo ulipofunguliwa tena, Novemba 1983. Katika miaka hiyo huku kwetu Tanzania tuliwaita wenzetu wa Kenya manyang'au, nao wakatujibu kwa maneno yao, na katikati ya matusi hayo maswali ya kawaida kabisa yalikosa wa kuyajibu. Mfanyakazi wa reli aliyekuwa akikatwa mshahara kuchangia mfuko wa pensheni wa pamoja, mafao yake atayadai kwa nani? Mikopo ya nje ambayo Jumuiya ilichukua kwa niaba ya wote italipwa na nani? Behewa la shirika lililokutwa upande wa pili siku ya kufunga ni mali ya nani?

Maswali hayo yaliishia mezani kwa Mswisi mmoja, Victor Umbricht, aliyepewa kazi ya usuluhishi. Alihangaika nayo kwa miaka. Marais watatu walitia saini makubaliano Arusha mwezi Mei 1984, na mali ikagawanywa kwa uwiano wa asilimia 42 kwa Kenya, 32 kwa Tanzania na 26 kwa Uganda. Katika Ziwa Victoria, meli iliyoitwa Uhuru ilibaki Kenya, na iliyoitwa Umoja ikabaki Tanzania. Kama aliyegawa alikuwa na utani, hakuutangaza. Angalieni mpangilio wa mambo: tulitoka 1977, hesabu ya kutoka tukaipata 1984.

Na kuipata hesabu hakukuwa kuilipa. Kila nchi ilikubali kubeba mafao ya raia wake. Huku Tanzania, wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, watu zaidi ya 31,000, walifika mahali wakafungua kesi Mahakama Kuu mwaka 2003, miaka 26 baada ya ajira zao kuvunjika. Serikali ilielewana nao nje ya hukumu mwaka 2005, na bado mvutano wa nani amelipwa na nani amepunjwa uliendelea kwa miaka. Wale kati yenu mliokuwa serikalini wakati huo mnawakumbuka wazee wale waliokuwa wakikusanyika Dar es Salaam kudai, wengine kwa mikongojo. Wapo waliokufa faili zikiwa bado zinazunguka, madai yakarithiwa na wajane na watoto. Hotuba za 1977 zilitungwa na watu waliokuwa na magari ya serikali. Bili ililetwa kwa fundi wa reli, karani wa posta na mpakuaji wa bandarini.

Waliotunga Mkataba mpya, uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, walikuwa na kumbukumbu hiyo, na walijitahidi. Ibara ya 145 inasema nchi inaweza kujitoa ikiwa bunge lake la taifa litaazimia hivyo kwa kura zisizopungua theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha nchi hiyo impe Katibu Mkuu notisi ya maandishi ya miezi 12. Kabla miezi hiyo haijaisha, inaruhusiwa kubadili nia. Ukilinganisha na kuamka asubuhi ukakuta geti limefungwa, ni maendeleo makubwa.

Lakini isomeni tena, waheshimiwa, mkiwa na jicho la mwananchi. Haisemi wabunge wawe na karatasi gani mkononi wanapopiga kura hiyo, wala haisemi mwananchi aulizwe. Theluthi mbili ni ukuta mrefu pale tu wabunge wanapokuwa na uhuru wa kugawanyika. Katika baadhi ya mabunge yenu chama kimoja kina viti kupita idadi hiyo, na mbunge akifukuzwa chama anapoteza na kiti. Katika bunge la namna hiyo theluthi mbili inapatikana kwa simu moja kutoka juu. Yaani leo hii, kwa kufuata sheria bila kuvunja hata nukta, nchi yenye mamilioni ya watu inaweza kutolewa katika Jumuiya kwa mjadala wa alasiri moja, na mwenye duka Holili au Taveta akasikia kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Nawasikia mkisema: basi huyu anataka kura ya maoni kama ya Uingereza, na wote tumeona kilichowapata. Nimekiona. Naomba tukitazame vizuri, kwa sababu huku kwetu kisa hicho kila upande unakivuta kwake.

Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipiga kura: asilimia 51.9 kutoka Umoja wa Ulaya, asilimia 48.1 kubaki, na waliojitokeza walikuwa asilimia 72 ya waliojiandikisha. Wananchi waliulizwa, jambo ambalo babu zetu hawakufanyiwa. Kasoro ilikuwa katika swali. Karatasi ilikuwa na majibu mawili, kubaki au kutoka, na kutoka hakukuwa na maelezo yoyote. Je, watoke pia katika umoja wa forodha? Katika soko la pamoja? Na ule mpaka wa Ireland ya Kaskazini na Jamhuri ya Ireland, ambao makubaliano ya amani ya 1998 yalisaidia kuufanya uvukwe bila vizuizi, ungerudishiwa vituo vya ukaguzi? Kila aliyechagua kutoka alikuwa na kutoka kwake kichwani. Mmoja aliwaza uhamiaji, wa pili uvuvi, wa tatu mamlaka ya bunge lake, wa nne alitaka tu kumkomoa waziri mkuu.

Kampeni yenyewe ilikuwa vita ya namba. Watu wa kutoka walizungusha basi jekundu lenye maandishi kwamba nchi inapeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki, ingawa mamlaka ya takwimu ya nchi hiyohiyo ilisema namba hiyo inapotosha, kwa kuwa haikuondoa kile Uingereza ilichorejeshewa. Watu wa kubaki nao hawakuwa malaika. Hazina ilitabiri kwamba kura ya kutoka peke yake, hata kabla ya kutoka kwenyewe, ingeuangusha uchumi papo hapo na kupoteza ajira kiasi cha 500,000. Kura ikapigwa, anguko hilo halikuja, na tangu siku hiyo kila onyo la kweli lililotolewa na wachumi lilichekwa. Sisi tunaotaka kubaki katika Jumuiya yetu tulishike hilo: ukimtisha mtu kwa uongo mara moja, ukweli wako wa pili hautasikilizwa.

Kisha jambo likafika bungeni, na hapo ndipo penye funzo kubwa kuliko matokeo ya kura. Januari 2019 makubaliano aliyoyaleta waziri mkuu Theresa May yalikataliwa kwa kura 432 dhidi ya 202. Tarehe 27 Machi wabunge wakawekewa njia nane tofauti ili waonyeshe walau wanayoipenda. Zote nane zilikosa wingi. Karibu miaka mitatu ilikuwa imepita tangu wananchi waseme "tokeni", na bunge lilikuwa bado halijakubaliana kutoka ni kufanya nini! Waliondoka mwishoni mwa Januari 2020, mawaziri wakuu wawili wakiwa wamekwisha jiuzulu. Scotland, iliyokuwa imepiga asilimia 62 kubaki, ilitolewa pamoja na wengine. Raia wa nchi nyingine za Ulaya waliokuwa wakiishi Uingereza, watu zaidi ya milioni 3, wengi wao hawakuwa na haki ya kupiga kura ile, na baadaye ikabidi waombe upya ruhusa ya kuendelea kuishi katika nyumba zao.

Wafikirieni hao wa mwisho kwa jina la kwetu. Wafikirieni Wakenya walioko Arusha na Dar es Salaam, Watanzania walioko Mombasa, Warundi wa Kigoma, Wanyarwanda wa Kampala, Wakongo wa Bujumbura. Siku nchi mojawapo ikitoka, vibali vyao vitasimama juu ya sheria ipi? Watoto wao wanaolipa ada ya chuo kama wenyeji watahesabiwa wageni kuanzia muhula gani? Hakuna waraka wa serikali yoyote kati yenu unaojibu.

Kutoka kwa utulivu kunawezekana, nisije nikaonekana nawatisha na mimi. Greenland ilipiga kura mwaka 1982 kutoka katika Jumuiya ya Ulaya ya wakati ule, ikajadiliana, ikatoka 1985. Jambo kubwa lilikuwa samaki, kila mtu alijua ni samaki, na mazungumzo yakawa juu ya samaki. Upande mwingine wapo Mali, Burkina Faso na Niger, ambazo watawala wake wa kijeshi walitangaza Januari 2024 kwamba zimeondoka ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, mara moja. Mkataba wa ECOWAS ulitaka notisi ya mwaka, hivyo utengano ukahesabiwa rasmi tarehe 29 Januari 2025. Watu walijaa barabarani kushangilia, na huenda wengi wao walishangilia kwa moyo wa kweli. Hata hivyo hakukuwa na kura, na siku ileile ECOWAS ilibidi iziombe nchi zake ziendelee kupokea hati za kusafiria za raia wa nchi hizo tatu mpaka itakapoamuliwa vingine. Walitoka kwanza, halafu ndipo maswali ya pasipoti yakaanza kutafutiwa majibu.

Sasa niwageukie wenzangu wa kubaki, maana ninyi viongozi mmezoea kujificha nyuma yetu. "Mkataa pema pabaya panamwita" si hoja. Mkongo wa Goma aliyeona jeshi la kikanda likiingia Novemba 2022 na kuondoka Desemba 2023, kisha mji wake ukachukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025, akiuliza Jumuiya hii imemfaa nini, hajauliza swali la kijinga. Mrundi ambaye serikali yake ilifunga mpaka na Rwanda Januari 2024 ana haki ya kushangaa soko la pamoja lenye geti lililofungwa. Tulianza umoja wa forodha 2005. Tukaanza soko la pamoja 2010. Itifaki ya sarafu moja ilisainiwa 2013 ikiahidi noti mpya 2024, na sasa tunaambiwa tusubiri 2031. Michango ya nchi wanachama inachelewa hata shughuli za Bunge la Afrika Mashariki zinakwama kwa kukosa fedha. Anayetazama hayo yote akasema tutoke amekosea, kwa maoni yangu, lakini amekosea akiwa na ushahidi mkononi. Anastahili kujibiwa kwa ushahidi. Kumwita msaliti ni kukubali kwamba jibu hatuna.

Tena uzoefu wetu wenyewe unaonyesha kwamba wananchi wakiulizwa kwa utaratibu hujibu kwa utaratibu. Mwaka 2004 kamati iliyoongozwa na Amos Wako, Mwanasheria Mkuu wa Kenya wakati huo, ilipendekeza shirikisho la kisiasa liharakishwe, mpaka tuwe tumemchagua rais mmoja ifikapo 2013. Kati ya 2006 na 2007 kila nchi iliwapitia wananchi wake kuwauliza. Watanzania wengi walikataa haraka hiyo. Walitaja ardhi, walitaja ajira, wala hawakutukana mtu. Mpango wa 2013 ukawekwa kando, na Jumuiya haikufa kwa sababu hiyo. Bila kuulizwa, hasira ile ingetafuta mlango mwingine wa kutokea.

Hata mahakama yenu wenyewe imeshawaambia. Mwaka 2008 Mahakama ya Afrika Mashariki, katika shauri la marekebisho ya Mkataba yaliyofanywa kwa haraka, ilisema kutowashirikisha wananchi kulikwenda kinyume na misingi ya Mkataba. Haikuyafuta marekebisho hayo, lakini kauli imebaki kwenye kumbukumbu. Kama kubadili ibara chache kunahitaji wananchi, iweje kuufuta Mkataba wote kwa nchi nzima kusihitaji?

Na si kwamba jambo hili ni la kufikirika tu. Mwaka 2013, Kenya, Uganda na Rwanda zilipokuwa zikikutana peke yake kupanga reli, visa na forodha, Tanzania ilijaa maneno ya kutoka. Ilibidi Rais Kikwete asimame bungeni Dodoma mwezi Novemba na kusema Tanzania haitoki. Nilifurahia hotuba ile. Lakini ilikuwa hotuba, na rais mwingine angeweza kutoa nyingine iliyo kinyume. Hesabu ya tungepoteza nini na tungepata nini haikuwekwa mezani na upande wowote, hata ule wangu uliopiga makofi.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Kila serikali itoe kila mwaka, pamoja na bajeti, hesabu ya uanachama wake: imechangia kiasi gani, inadaiwa kiasi gani, imeuza na kununua nini kwa wenzake, vikwazo gani visivyo vya kiforodha vimeondolewa na vipi imeviweka yenyewe. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayowauma, ndiyo maana naitaja. Iandikwe kwa lugha ambayo mfanyabiashara wa Sirari ataisoma bila mkalimani. Mmeshakubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya, basi kifanyieni kazi hapo.

Pili, Ibara ya 145 irekebishwe. Kabla bunge halijapiga kura ya kutoka, serikali inayotaka kutoka ilazimike kuchapisha mpango wake: ushuru utakuwaje siku ya kwanza, wakazi wa nchi nyingine watakuwa na haki gani, watumishi wa taasisi za Jumuiya kutoka nchi hiyo watalipwaje, madeni yatabebwa vipi. Miezi ipite watu wakiusoma na kuubishia. Kisha wananchi wapige kura juu ya mpango huo, ulioandikwa, wenye kurasa. Wakiukubali, tutoke, mimi nitakuwa nimeshindwa na nitanyamaza. Bunge libaki na theluthi mbili yake kama kufuli la pili. Na miezi 12 ya notisi ni michache: Waingereza walikuwa na miaka miwili kisheria, wakaiongeza mara tatu.

Kuna watakaosema kuweka masharti haya ni kuwafunga watu ndani. Sioni hivyo. Mtu anayejua mlango uko wapi na unafunguliwaje hana haja ya kuvunja ukuta. Nchi ndogo inayoogopa kumezwa itakaa kwa amani zaidi ikijua kutoka kuna njia ya wazi, na nchi kubwa itafikiri mara mbili kabla ya kutumia tishio la kuondoka kama fimbo ya kupunguziwa michango. Tishio hilo limekuwa rahisi kwa sababu halina gharama kwa anayelitoa.

Jambo la mwisho ni la staha. Acheni kuwatumia wasemaji wenu kuwasha moto ambao baadaye mnauzima kwa picha ya kushikana mikono. Mahindi yakizuiwa, tuelezeni kipimo cha sumukuvu kilichopatikana, maabara gani ilipima na mzigo gani, mumalize. Raia wa kawaida wa pande mbili wasigombanishwe kwa jambo ambalo maofisa wanane wangelimaliza Namanga kwa siku moja.

Mkutano wenu wa kawaida huitishwa kila mwaka, na ajenda yake huandaliwa na Baraza la Mawaziri. Naomba marekebisho ya Ibara ya 145 yaingizwe katika ajenda ya mkutano ujao. Kama mtaona hayafai, tupeni sababu zenu kwa maandishi, zikiwa na saini ya kila nchi, ili tujue ni nani kati yenu anayetaka kubaki na uwezo wa kututoa bila kutuuliza.

Wenu,
Raia wa Afrika Mashariki